Wimbo Nilioununua Sokoni

Naanza na karatasi. Miezi michache iliyopita tuliletewa fomu za kurekodi nyimbo za kambini. Mradi wenyewe ni mzuri, sina neno nao. Walikuja na mashine ndogo, vipaza sauti viwili na magodoro ya kuzuia kelele, wakasema kila kikundi kichague wimbo mmoja. Kila wimbo una fomu yake, na kila fomu ina mistari mitano: jina la wimbo, lugha, waimbaji, wapigaji vyombo, na wa mwisho, mtunzi.

Minne ya kwanza niliijaza bila shida. Kwenye wa tano nikaandika jina langu, nikalitazama, halafu nikalikata.

"Mzee, umekosea? Nikupe fomu nyingine?" akauliza binti wa mradi.

"Sijakosea, mwanangu. Nafikiri."

"Sasa unafikiri nini? Andika tu jina lako. Si wimbo wako? Watu wote huku wanajua ni wimbo wako."

Na hapo ndipo shida ilipo. Watu wote wanajua, isipokuwa mimi.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Waliofika kwetu wanaijua: mtaa wa barabara zenye namba, misikiti, mafundi magari wenye mikono myeusi ya grisi, na Kiswahili ndicho lugha ya uani. Nilikuwa napiga gitaa la rithim katika bendi ya mtaani. Harusi, ubatizo, baa za Bwiza, popote tulipoitwa tulikwenda. Mpiga rithim, kwa wasiojua, ni mtu ambaye akikosekana kila mtu anaona kuna kitu kimepungua, ila akiwepo hakuna anayemtazama.

Mwaka 1996 nilinunua redio kaseti pale soko la Ruvumera. Mnakumbuka miaka ile. Vita vilianza 1993, na kufika 1995 mitaa mizima ya Bujumbura, kama Kamenge, ilikuwa imekimbiwa na wenyewe. Nyumba zikabaki tupu, halafu zikabaki bila milango, halafu bila mabati. Na sokoni tukaanza kuona milango inauzwa, mabati yenye matundu ya misumari yanauzwa, masufuria yenye masizi ya jiko la mtu yanauzwa. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Sote tulijua, ndiyo maana hatukuuliza. Mimi nilimuuliza muuzaji bei tu. Ilikuwa rahisi mno, nikalipa haraka asije akabadili mawazo.

Nyumbani nikakuta ndani ya redio kuna kanda. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya bluu neno moja la Kirundi: Zanje. Yaani, zangu. Nikaibonyeza.

Ni mwanamume mmoja na gitaa kavu. Nyimbo sita, zote upande A. Upande B hauna kitu. Hakuna bendi, hakuna ngoma, na inaonekana alijirekodi mwenyewe chumbani, maana mwanzo wa kila wimbo unasikia kitufe kinabonyezwa na kiti kinalia. Katika wimbo wa tatu anakohoa na kuendelea. Katika wimbo wa tano mtoto anagonga mlango na kuita, naye anaacha kupiga, anamwambia asubiri, anamtaja kwa jina, kisha anarudi palepale alipoachia. Wimbo wa nne ndio ulionimaliza. Mume anamhesabia mke vitu vya nyumba yao, kimoja kimoja, kuanzia mlango hadi taa, na kwa kila kitu anataja siku waliyokipata. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya nyuzi kwa namna ambayo mimi, baada ya miaka minne ya kupiga rithim, sikuwahi kuisikia.

Nilijifunza zote sita. Wiki chache baadaye, kwenye harusi moja, mpiga solo wetu alichelewa, na mimi nikaanzisha ule wa nne ili kujaza muda. Nikauongezea mwendo, nikauwekea sebene mwishoni. Watu wakasimama, bibi harusi akalia. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema, "Mpigieni makofi mtunzi wetu!" Nikainamisha kichwa.

Sikusema uongo. Nilinyamaza tu. Kwa karibu miaka thelathini nimejitetea kwa sentensi hiyo: sikusema uongo. Lakini ukinyamaza kila mwaka, harusi baada ya harusi, kunyamaza huko kunakuwa ni usemi. Mwaka 2015 nilipokimbia, nilipanda gari hadi Nyanza-Lac, nikatembea kwa miguu hadi Kagunga, nikalala ufukweni pamoja na maelfu ya wenzangu tukingojea meli ya Liemba itupeleke Kigoma. Gitaa niliacha, kanda niliacha, hata viatu vya kubadilisha niliacha. Wimbo nilikuja nao, maana hauna uzito. Hapa Nyarugusu nikaupiga tena, na hapa pia ukawa wangu.

Sasa nieleze kwa nini baada ya miaka yote hiyo mkono wangu ulisita juu ya karatasi. Sababu ni mtu wa mbali sana ambaye sijamwona wala hanijui.

Mpwa wangu aliyepelekwa Marekani hunitumia muziki kwenye simu. Siku moja akanitumia albamu na ujumbe: "Mjomba, huyu ndiye yule wa Cissy Strut." Nikacheka. "Cissy Strut" bendi yetu tuliipiga ya kupasha moto kabla wageni hawajajaa ukumbini, bila kujua hata ni ya nani. Ni kipande cha mwaka 1969 cha The Meters, bendi ya mji wa New Orleans. Walikuwa wanne: Art Neville kwenye kinanda, George Porter kwenye besi, Joseph Modeliste, aliyeitwa Zigaboo, kwenye ngoma, na Leo Nocentelli kwenye gitaa. Wanaopenda fanki na soul wanawahesabu miongoni mwa waliouchimba msingi wa muziki huo. Na kazi yao kubwa nyingine ilikuwa kupiga nyuma ya wengine. Mtunzi na mtayarishaji Allen Toussaint aliwatumia studioni kuwapigia waimbaji wake, kwa hiyo dunia imesikia gitaa la Nocentelli mara nyingi kuliko ilivyosikia jina lake. Mnaona kwa nini mpiga rithim wa Buyenzi alimpenda.

Albamu yenyewe inaitwa "Another Side". Nilitarajia fanki. Nikakuta gitaa kavu. Nocentelli anaimba mwenyewe, polepole, nyimbo za kukaa na kufikiri, tisa alizotunga yeye na mmoja wa Elton John. Bwana we, nilikaa kitako. Ni kama mtu ambaye miaka yote umemwona sokoni akipiga kelele za biashara, halafu usiku mmoja unapita dirishani kwake unamsikia anasali.

Lakini habari ya albamu hiyo inapita hata muziki wake. Aliirekodi mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi. Toussaint alimpigia piano, na Porter na Zigaboo wa bendi yake pia wamo. Ilikuwa albamu yake ya kwanza ya peke yake. Haikutoka. The Meters wakaendelea, wakasaini na kampuni kubwa ya Reprise, na ile kazi yake ya pembeni ikabaki kwenye kanda, kabatini. Mwaka 1973 Toussaint na mwenzake Marshall Sehorn walifungua studio yao, Sea-Saint, na kanda nyingi za miaka ile zikahifadhiwa huko. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kikaupiga mji wa New Orleans, maji yakaingia Sea-Saint, na watu wakaamini kuwa kila kilichokuwamo kimekufa.

Kumbe hapana. Mwaka 2018, mpiga santuri mmoja wa California, Mike Nishita, alikuwa anazunguka katika soko la wazi la vitu vya mitumba huko Torrance, linaloitwa Roadium. Akakuta maboksi ya kanda kubwa za studio. Akayanunua, akaanza kusoma majina na kusikiliza. Ndani yake mlikuwa na miaka mizima ya muziki wa New Orleans, na mojawapo ya kanda ni ile ya Nocentelli. Mwaka 2021 albamu ikatoka, imechapishwa na kampuni ya Light in the Attic, miaka hamsini baada ya kurekodiwa. Nocentelli alikuwa na miaka sabini na mitano. Jina lililo juu ya jalada ni lake.

Nilipofika hapo nilizima simu. Mtu amenunua kanda ya mtu sokoni. Mimi nimenunua kanda ya mtu sokoni. Kule jina la mwenyewe limerudi juu ya jalada. Huku lipo langu.

Nilimpelekea jambo hili rafiki yangu, mwalimu mstaafu kutoka Fizi, ambaye yuko kambini tangu miaka ya tisini na hapendi kukubaliana na mtu upesi. Tulibishana jioni tatu. Nayaandika mabishano hayo kwa sababu alisema yale ambayo wengi wenu mtayasema.

Jioni ya kwanza aliniambia, "Kaka, wewe hukuiba. Uliokoa. Ile kanda ungeiacha sokoni, mtu angerekodia mpira juu yake. Leo hata yule mtunzi akifufuka, wimbo wake upo kwa sababu yako. Mwokozi hana haki?"

Anayo. Sikatai. Huyo Nishita naye aliokoa, na alitoa pesa yake mfukoni, na anastahili shukrani, na hata faida akipata sitamwonea wivu. Lakini hakujiandika kuwa ndiye aliyepiga gitaa. Kuokoa ni kazi moja na kutunga ni kazi nyingine, kila moja ina heshima yake, na mtu akichukua heshima ya zote mbili ameiba moja. Hata sheria katika nchi nyingi inatenganisha: ukinunua kanda umenunua plastiki, wimbo uliomo unabaki wa aliyeutunga. Mimi nilinunua redio. Hata hiyo redio, tukisema kweli, nilinunua kwa mtu asiyekuwa nayo haki.

Jioni ya pili alisema, "Sawa. Lakini miaka thelathini! Kila kitu kina mwisho. Haki nayo inazeeka."

Hili ni zito, na kwetu sisi si la nyimbo peke yake. Watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakaishi Tanzania zaidi ya miaka thelathini, wengi wao waliporudi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Kwenye mashamba ya Rumonge, nani asiyejua kesi zile? Na aliyekuwa analima si lazima awe mwizi. Huenda alipewa na serikali, au alinunua kwa pesa halali, au alizaliwa palepale. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulisema wakimbizi wote lazima waweze kupata tena mali zao, hasa ardhi, na isipowezekana walipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi na mali nyingine. Kilichofuata mnakijua, maana wengine wenu mlikuwa upande huu wa shauri na wengine upande ule, na leo mnachota maji bomba moja.

Nikamwambia mwalimu: katika shamba, muda unaleta shida ya kweli, kwa sababu shamba moja haliwezi kuwalisha wawili. Ukimrudishia mmoja unamfukuza mwingine. Lakini jina halina shida hiyo. Kumrudishia mtu jina la wimbo wake hakumfukuzi mtu nyumbani. Nitaendelea kuupiga na watu watacheza vilevile. Kitakachopungua ni fahari yangu tu. Kama haki yenye gharama kubwa kama ile ya ardhi tunaidai hata baada ya miaka thelathini, tutasemaje haki isiyogharimu ila fahari imezeeka?

Jioni ya tatu alipunguza sauti. "Na kama amekufa? Nyumba za mitaa ile, kaka, wewe unajua."

Najua. Nimelifikiria hilo kuliko yote. Nocentelli alikuwa hai na jina lake linajulikana. Mtu wangu hana jina, ana neno moja tu, Zanje. Na mara nyingi nimejipa kibali kwa hoja hiyo: mwenyewe hayupo, nimrudishie nani? Lakini mtoto aliyegonga mlango yupo kwenye kanda. Kama yu hai, leo ana zaidi ya miaka thelathini. Huenda hana picha ya baba yake. Huenda hajui kwamba baba yake alipiga gitaa. Huenda yuko hapahapa Nyarugusu, na amecheza kwenye harusi nikipiga sauti ya nyumba yao huku nimeinamisha kichwa kupokea makofi.

Mwalimu hakujibu. Tukanywa chai.

Dini zetu zote mbili zilikuwa zimeshanijibu zamani, nami sikusikia. Madrasa, pale Buyenzi, tulifundishwa habari ya kitu kilichookotwa. Mwokotaji autambue mfuko wake na kamba iliyoufunga, kisha atangaze mwaka mzima. Mwaka ukipita anaweza kukitumia, lakini mwenyewe akija, hata siku gani, ni haki yake. Na Wakristo wanayo katika Kumbukumbu la Torati: ukimkuta ng'ombe wa nduguyo amepotea, au vazi lake, usijifiche. Kama humjui mwenyewe, kiweke kwako mpaka atakapokitafuta. Angalieni kwamba hakuna hata moja inayomwambia mwokotaji akitupe, au akifiche kwa aibu, au ajitese. Ruhusa ya kutumia ipo. Kinachokatazwa ni kunyamaza. Mimi niliruka sehemu ya kutangaza nikaenda moja kwa moja kwenye kutumia.

Basi kwenye mstari wa tano niliandika: "Mtunzi hajulikani. Wimbo ulikutwa kwenye kanda, Bujumbura, 1996."

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Siku tatu baadaye binti wa mradi akarudi, amejaa huruma, akaniambia wimbo hauwezi kuingia. Utaratibu wao unataka ruhusa ya mwenye wimbo, na asiyejulikana hawezi kutoa ruhusa. Muda wa kuleta wimbo mwingine umekwisha. "Mzee wangu, ungeandika tu jina lako," akasema. Sikumkasirikia. Utaratibu ule umewekwa kumlinda mtu kama yule wa kwenye kanda dhidi ya mtu kama mimi. Lakini oneni jinsi mambo yalivyokaa: ningesema uongo, wimbo wake ungerekodiwa. Nimesema kweli, umeachwa.

Na aliyeumia si mimi. Katika kikundi chetu kuna kijana anayepiga solo. Aliingia kambini na miaka minane, leo ana kumi na tisa, na solo ya wimbo ule ameitunga yeye, kipande kwa kipande, kwa miezi. Ilikuwa nafasi yake ya kwanza ya kusikika nje ya uzio huu. Alipopata habari alinijia, hakunisalimu, akasema, "Mzee, unaosha roho yako kwa maji yangu."

Sina jibu zuri la kumpa kijana huyu, na sitalitunga hapa ili makala imalizike vizuri. Alisema kweli. Mtu akichelewa miaka thelathini kulipa deni, riba huwa inaangukia kwa mtu mwingine, mara nyingi mdogo wake. Ningesema kweli mwaka 1996 ingenigharimu makofi ya usiku mmoja. Nimesema sasa, imemgharimu yeye albamu. Nilimwomba msamaha, akaitikia kwa kichwa. Wiki mbili hakuja mazoezini. Baadaye alikuja kuomba uzi wa gitaa, nikampa, akakaa kidogo. Tumeanza wimbo wake mwenyewe, ambao kwenye kila mstari wa fomu yoyote ataweza kuandika jina bila kukata.

Kuna watakaouliza, je, haikuwa bora kunyamaza mara moja ya mwisho, kwa ajili ya kijana? Nimejiuliza hivyo usiku mwingi. Ninaloona ni kwamba ningemfundisha jambo moja pamoja na ile solo: kwamba kitu cha aliyekimbia ni cha aliyekiokota, mradi mwenyewe yuko mbali. Na sisi hapa ndio watu wa mwisho duniani wanaopaswa kufundishana hivyo. Kila mmoja wetu ameacha mlango mahali fulani. Mlango wangu Buyenzi unafunguliwa na mtu nisiyemjua. Simwombei mabaya. Ninachotamani ni kwamba siku moja mgeni akiusifu ule mlango, yeye aseme, "Ulikuwa wa watu fulani, waliondoka 2015." Hayo tu. Nikitamani hivyo kwa mlango wangu, nitamnyimaje mwenzangu kwa wimbo wake?

Nanyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, nina maneno mawili kwenu. La kwanza ni ombi dogo: kwenye fomu ongezeni mstari wa sita, "Aliyeuleta wimbo". Watu waliokimbia wamebeba nyimbo nyingi zisizo na wenyewe, za bibi zao, za majirani waliokufa, za wahubiri waliopita njia. Mstari mmoja tu wa mtunzi unatulazimisha tuchague kati ya uongo na kimya. La pili: mnapotuhoji mnaondoka na maisha yetu kwenye daftari na kwenye simu. Karatasi ni yenu, mmeinunua. Yaliyoandikwa juu yake bado yana mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini sisi tumeona pia mali ikipotea ikiwa ndani ya daftari, kwa sababu daftari halikutaja ni ya nani.

Sasa nafanya kile nilichopaswa kufanya mwaka 1996. Natangaza.

Kimeokotwa: nyimbo sita za mtu mmoja na gitaa kavu, kwenye kanda iliyokuwa ndani ya redio kaseti, soko la Ruvumera, Bujumbura, mwaka 1996. Upande A umejaa, upande B mtupu. Kwa kalamu ya bluu limeandikwa neno Zanje. Wimbo wa nne unahesabu vitu vya nyumba, kuanzia mlango hadi taa. Katika wimbo wa tano mtoto anagonga, na baba anamtaja kwa jina.

Jina hilo sijaliandika popote na sijamtajia mtu, hata mwalimu. Hilo ndilo kamba ya mfuko. Mwenye kulijua awaone wahariri wa jarida hili, wao wanajua block yangu. Kanda yenyewe niliiacha Buyenzi, ndani ya kabati la marehemu mama. Lakini nyimbo zote sita ninazo vidoleni, na akija nitampigia kama zilivyopigwa, polepole, na nitaiondoa ile sebene.